Mapinduzi Bila Damu: Neno, Dola na Visiwa vya Komoro, 1975–2008

Utangulizi

Tarehe 30 Aprili 1999, Kanali Azali Assoumani, aliyekuwa mkuu wa majeshi, alitwaa madaraka mjini Moroni. Rais wa mpito, Tadjidine Ben Said Massounde, aliondolewa pamoja na serikali ya Waziri Mkuu Abbas Djoussouf. Kiongozi aliyeondolewa hakuuawa, wala hapakuwa na mapigano ya kugombea mji mkuu. Tukio hilo limeingia katika vitabu kwa maneno ambayo wasomaji wa habari za Afrika wameyazoea, yaani mapinduzi ya kijeshi yasiyo na umwagaji damu.

Mhadhara huu unayachunguza maneno hayo. Unauliza mambo mawili. Kwanza, neno "mapinduzi" linambebea nini msemaji wa Kiswahili anapolitumia kwa tukio kama la Moroni? Pili, kauli ya "bila damu" inaeleza sifa ya nani: ya wanajeshi waliotwaa madaraka, au ya dola waliyoikuta? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kukosekana kwa damu siku ya tukio ni ushahidi wa hali ya dola iliyopinduliwa kuliko ushahidi wa upole wa waliopindua. Mwanahistoria anayehesabu damu ya siku moja huiacha damu iliyotangulia na ile iliyofuata.

Visiwa vya Komoro vinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Ni nchi ndogo: Ngazija, Nzuwani na Mwali kwa pamoja vina eneo la takriban kilomita za mraba 1,860, hivyo mfuatano wa matukio unaweza kufuatwa bila kupotea. Aidha, ni jirani wa karibu wa Uswahilini. Lugha za Kikomoro na Kiswahili zimo katika kundi moja la Sabaki, na historia ya siasa za visiwa hivyo imeigusa Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati chama cha ukombozi cha MOLINACO kilipoasisiwa na Wakomoro waliokuwa wakiishi Tanganyika.

Neno na watumiaji wake

Mzizi wa neno ni kitenzi "pindua", ambacho maana yake ya msingi ni kukigeuza kitu kichwa chini, chini ikawa juu na juu ikawa chini. Chombo kilichopigwa na mawimbi hupinduka. Kitenzi hiki kinatofautiana na "geuza", ambacho chaweza kumaanisha badiliko la upande au la sura tu. Tofauti hiyo iliingia katika msamiati wa siasa. Katika miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi Tanzania, waliodai mabadiliko kwa njia ya sheria walichagua neno "mageuzi", na neno "mapinduzi" likabaki na uzito wake wa zamani.

Uzito huo kwa sehemu kubwa umetokana na Zanzibar. Tangu tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi, kwa herufi kubwa, ni jina la tukio, la serikali, la sikukuu na, kuanzia tarehe 5 Februari 1977, la chama kinachotawala Tanzania. Katika matumizi hayo neno linabeba sifa. Linadai kwamba tabaka la chini limekuwa juu na kwamba utaratibu wa kale wa mali na heshima umekwisha. Neno hilohilo hutumika katika "mapinduzi ya viwanda", ambako pia linasifu. Hapohapo, mtangazaji wa redio hulitumia kwa kanali mmoja aliyemwondoa rais mmoja alfajiri, ilhali ardhi, mishahara, mahakama na shule zimebaki kama zilivyokuwa jana.

Mwezi uleule wa Januari 1964 unatoa mfano wa upande wa pili. Tarehe 20, siku nane tu baada ya tukio la Zanzibar, askari wa Tanganyika waliwakamata maofisa wao Waingereza wakidai mishahara bora na vyeo kwa Waafrika. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitikisika, ikaomba msaada wa majeshi ya Uingereza, ikabaki. Tukio hilo huitwa "maasi". Vivyo hivyo, yaliyotokea Kenya tarehe 1 Agosti 1982 huitwa "jaribio la mapinduzi", na walioshiriki walishtakiwa. Inaonekana, basi, kwamba Kiswahili cha siasa huliamua jina kwa matokeo. Anayeshindwa ameasi au amejaribu, na anayeshinda amepindua. Jina hufuata ushindi, na ushindi hukopa heshima ya Zanzibar hata pale ambapo hakuna kilichogeuzwa chini juu.

Hili si kosa la lugha. Lugha nyingi zina maneno yanayobeba mizigo miwili. Ila mtaalamu anapaswa kujua mzigo upi ameuchukua. Kwa ajili ya mhadhara huu, "mapinduzi" yanatumika kwa maana pana ya mazoea, na "utwaaji wa madaraka" kwa kitendo cha wenye silaha kukalia kiti cha serikali. Tofauti hiyo itadhihirika umuhimu wake hapa chini.

Utwaaji wa kwanza na uzao wake

Katika kura ya maoni ya tarehe 22 Desemba 1974, karibu asilimia 95 ya wapiga kura wa visiwa vyote vinne waliunga mkono uhuru, lakini wengi wa wapiga kura wa Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, waliukataa. Tarehe 6 Julai 1975, Ahmed Abdallah alitangaza uhuru bila kuisubiri Paris. Maore ikabaki chini ya Ufaransa, na nchi changa ikaanza maisha yake ikiwa na visiwa vitatu.

Haikudumu hata mwezi mmoja. Tarehe 3 Agosti 1975, Abdallah akiwa Nzuwani, kisiwa alikozaliwa, wapinzani wake walitwaa madaraka mjini Moroni. Mtu mwenye nguvu katika kundi hilo alikuwa Ali Soilihi, ambaye alishika urais mwezi Januari 1976. Utwaaji huo nao umeandikwa kuwa wa utulivu. Hata hivyo, ndani yake ilikuwamo mbegu ya miaka 20 iliyofuata. Ili kumtia Abdallah mikononi huko Nzuwani, utawala mpya ulimtumia Bob Denard, mamluki wa Kifaransa. Hivyo dola ambayo haikuwa na jeshi lililokomaa ilijifunza kuazima silaha za wageni kumaliza ugomvi wa wenyeji.

Ali Soilihi ndiye kiongozi pekee wa Komoro ambaye kipindi chake kinastahili neno "mapinduzi" katika maana ya Zanzibar, kwa wema na kwa ubaya. Alijaribu kuvunja mila za gharama kubwa za arusi kuu ya Ngazija, akawapa vijana mamlaka juu ya wazee, akawaachisha kazi maelfu ya watumishi wa serikali na kuipeleka mikoani kazi ya utawala. Kumbukumbu za serikali zilizoachwa na wakoloni zilichomwa moto. Kikomoro kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi kilipewa nafasi katika shughuli za umma, na kiongozi mwenyewe akajulikana kwa jina la "Mongozi", neno ambalo Mswahili halihitaji kufasiriwa. Vijana wake wenye silaha, waliojulikana kama Commando Moissi, waliwatesa watu wengi. Hapa chini ilijaribu kweli kuwa juu, na damu ilimwagika.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1978, Denard alirudi kwa njia ya bahari na mamluki wapatao 50, safari hii kwa niaba ya Abdallah. Mtu aliyetumiwa na Ali Soilihi mwaka 1975 ndiye aliyemwondoa mwaka 1978. Ali Soilihi aliuawa tarehe 29 Mei akiwa kizuizini. Abdallah alitawala miaka 11 akilindwa na Kikosi cha Ulinzi wa Rais kilichoongozwa na mamluki haohao, hadi alipouawa ndani ya ikulu yake usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Novemba 1989. Denard alitokea kwa mara nyingine tarehe 28 Septemba 1995 kumwondoa Rais Said Mohamed Djohar. Siku chache baadaye majeshi ya Ufaransa yaliteremka na kumkamata.

Mnyororo huu unaonesha jambo moja bayana. Utwaaji wa mwaka 1975 ulioitwa mtulivu ulifungua mlango ambao wengine waliupita, na kila aliyepita aliacha nyuma yake mlango ukiwa wazi zaidi. Kati ya marais watatu waliotajwa hapo juu, wawili waliuawa.

Moroni, Aprili 1999

Mohamed Taki Abdoulkarim alichaguliwa kuwa rais mwezi Machi 1996. Agosti 1997, Nzuwani ilitangaza kujitenga. Baadhi ya viongozi wa harakati hiyo walitaka kisiwa kirudi chini ya Ufaransa, na bendera ya Kifaransa ilipandishwa mitaani, lakini Paris ilikataa. Mwali nayo ikajitenga. Mwanzoni mwa Septemba 1997, Taki alipeleka wanajeshi Nzuwani kwa bahari. Walishindwa na baadhi yao waliuawa. Mwezi Desemba 1998 makundi ya wanaharakati wa Nzuwani yalipigana yenyewe kwa yenyewe, na watu wakafa.

Taki alifariki dunia tarehe 6 Novemba 1998. Massounde, kama kaimu, alipaswa kwa mujibu wa katiba kuandaa uchaguzi katika muda mfupi. Uchaguzi haukuwezekana katika nchi iliyokwisha kugawanyika, na muda ukapita. Kuanzia hapo, kila siku aliyokaa madarakani ilikuwa siku ya ubishi. Aidha, yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Nzuwani, akitawala kutoka Moroni katika msimu ambao kuwa Mnzuwani mjini humo kulianza kuwa hatari.

Kati ya tarehe 19 na 23 Aprili 1999, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliwakusanya Wakomoro mjini Antananarivo. Yalipatikana makubaliano ya kuunda muungano utakaovipa visiwa mamlaka mapana ya ndani. Wajumbe wa Nzuwani hawakutia saini, wakisema ni lazima kwanza warudi kwa watu wao. Habari hizo zilipofika Moroni, ghadhabu iliwaangukia majirani. Watu wenye asili ya Nzuwani walisakwa na kufukuzwa, na wengi walilazimika kukimbilia kisiwani kwao. Ni katika siku hizo za ghasia ambapo jeshi lilitoka kambini, na Kanali Azali akatangaza kwamba limechukua hatua kuiepusha nchi na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 6 Mei alijitwalia rasmi ukuu wa dola chini ya hati mpya ya kikatiba, akiahidi kuondoka baada ya mwaka mmoja.

Kwa nini hapakuwa na damu? Sababu tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni kwamba hapakuwa na nguvu ya pili. Baada ya mamluki kuondolewa, hapakubaki kikosi chenye uzito cha kumlinda rais dhidi ya mkuu wake mwenyewe wa majeshi. Ya pili ni kwamba hapakuwa na haki ya wazi ya kuitetea: muda wa kaimu rais ulikuwa umekwisha, na hata wapenda sheria hawakuwa na sheria ya kushikilia. Ya tatu ni kwamba hapakuwa na wananchi wenye sababu ya kuilinda serikali. Watumishi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, mamlaka ya Moroni hayakuvuka bahari, na mji wenyewe ulikuwa umegawanyika kati ya waliokuwa wakiwafukuza majirani zao na waliokuwa wakikimbia.

Dola ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya kusukumwa. Damu ilikuwa imemwagika ufukweni Nzuwani mwaka 1997 na katika mitaa ya kisiwa hicho mwaka 1998, na machozi yalikuwa yakimwagika bandarini Moroni wiki ileile. Kusema kwamba tukio la tarehe 30 Aprili lilikuwa "bila damu" ni kweli kwa tarehe hiyo tu. Anayeliondoa tukio katika mwezi wake na kulihukumu peke yake huwapa wanajeshi sifa ambayo mazingira ndiyo yaliyoitoa.

Hoja ya upande wa pili

Kuna hoja inayostahili kusikilizwa kwa haki. Watetezi wa hatua ya mwaka 1999 husema kwamba ndiyo iliyofungua njia ya amani. Tarehe 26 Agosti 2000, Azali na kiongozi wa Nzuwani, Luteni Kanali Said Abeid Abderemane, walitia saini tamko la pamoja mjini Fomboni, Mwali. Tarehe 17 Februari 2001 yalifuata makubaliano mapana zaidi mjini humohumo. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 23 Desemba 2001 iliunda Muungano wa Komoro, na urais ukawekwa kwa zamu baina ya visiwa. Azali alichaguliwa mwaka 2002 baada ya kuachia ukuu wa dola kwa muda ili agombee. Tarehe 26 Mei 2006 alimkabidhi madaraka Ahmed Abdallah Mohamed Sambi wa Nzuwani, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa rais aliyechaguliwa wa Komoro kumpisha kwa amani mwingine aliyechaguliwa.

Haya si madogo. Nchi iliyokuwa imeshuhudia marais wawili wakiuawa iliona mmoja akishuka jukwaani na mwingine akipanda. Hata hivyo, ni lazima kutenganisha mambo mawili. Kilicholeta makabidhiano ya mwaka 2006 ni mapatano ya Fomboni na kanuni ya zamu, ambavyo vilipatikana kwa mazungumzo na kwa shinikizo la Afrika. Wazo la muungano wenye visiwa vyenye mamlaka mapana lilikuwa tayari mezani Antananarivo, wiki moja kabla ya utwaaji. Jeshi liliikatiza meza hiyo, na njia ya kuirudia ilichukua karibu miaka miwili.

Isitoshe, utwaaji wa Moroni ulizaa mwenzake. Tarehe 9 Agosti 2001, ndani ya Nzuwani, kisiwa chenye kilomita za mraba 424 tu, Said Abeid aliondolewa na maofisa wenzake. Mmoja wa waliochukua nafasi yake alikuwa Meja Mohamed Bacar. Tukio hilo nalo liliitwa mapinduzi bila damu. Bacar alichaguliwa kuwa rais wa kisiwa mwaka 2002. Muda wake ulipokwisha mwaka 2007 hakuondoka, na uchaguzi aliouendesha kisiwani humo haukutambuliwa na serikali ya Muungano wala na Umoja wa Afrika. Tarehe 25 Machi 2008, wanajeshi wa Komoro wakisaidiwa na wa Tanzania na Sudan waliteremka Nzuwani kwa silaha. Rais Jakaya Kikwete ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo. Bacar alikimbilia Maore. Ilichukua miaka saba na operesheni ya kimataifa kuyafuta matokeo ya asubuhi moja isiyo na damu.

Kanuni ya Afrika na hatima yake

Utwaaji wa Moroni ulitokea Afrika ilipokuwa ikibadili msimamo wake. Katika mkutano wa Algiers wa Julai 1999, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walizitaka serikali zilizoingia madarakani kinyume cha katiba zirejeshe utawala wa sheria kabla ya mkutano wa mwaka uliofuata. Komoro ilikuwa miongoni mwa waliolengwa. Lomé, Julai 2000, msimamo huo uliwekwa katika tamko, na Sheria ya Kuasisi Umoja wa Afrika iliyopitishwa hapohapo ikaeleza kwamba serikali ya namna hiyo haitaruhusiwa kushiriki katika shughuli za Umoja. Jambo la kuzingatia kiistilahi ni kwamba kanuni hiyo haiulizi kama damu ilimwagika. Inauliza tu namna madaraka yalivyopatikana. Kwa hiyo sheria ya Afrika imekuwa makini kuliko lugha ya magazeti.

Yaliyofuata yanaonesha mpaka wa kanuni hiyo. Azali alirudi madarakani kwa uchaguzi mwaka 2016. Kura ya maoni ya tarehe 30 Julai 2018 ilibadili katiba ili rais aweze kuchaguliwa vipindi viwili mfululizo, hivyo zamu ya Nzuwani iliyotarajiwa mwaka 2021 haikufika. Mwezi Oktoba 2018 mapigano yalizuka Mutsamudu, mji mkuu wa Nzuwani. Azali alichaguliwa tena mwaka 2019, na tena mwezi Januari 2024. Kati ya Februari 2023 na Februari 2024 alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Mtu ambaye utwaaji wake ulikuwa miongoni mwa yale yaliyosababisha katazo la Algiers alikalia kiti cha taasisi inayolilinda katazo hilo. Hakuna kanuni iliyovunjwa katika hilo, kwa kuwa alichaguliwa. Lakini hapo ndipo inapoonekana jinsi muda na kura zinavyoweza kuusafisha mwanzo, na jinsi kauli ya "bila damu" ilivyorahisisha usafi huo tangu siku ya kwanza.

Hitimisho

Mambo matatu yanaweza kushikwa kutokana na yaliyoelezwa. Kwanza, wanafunzi wa historia na wa lugha wanapaswa kulitumia neno "mapinduzi" kwa tahadhari. Ali Soilihi alipindua, kwa namna iliyoumiza watu wengi. Azali mwaka 1999 na Bacar mwaka 2001 walitwaa madaraka. Kuwaweka wote chini ya neno moja ni kuwanyima wasomaji tofauti iliyo kubwa kuliko zote, yaani kama jamii iligeuzwa au kiti tu kilibadili mwenyewe. Pili, sifa ya "bila damu" ihusishwe na dola iliyoanguka: kama ilikuwa na mlinzi, kama ilikuwa na uhalali, kama ilikuwa na wananchi waliokuwa tayari kuitetea. Mahali ambapo majibu yote matatu ni hapana, ukimya wa bunduki hauna la kusifiwa. Tatu, hesabu ya damu ianzie kabla ya siku ya tukio na iendelee baada yake, na iwahusishe pia wasiobeba silaha.

Wanzuwani waliofukuzwa Moroni mwezi Aprili 1999 hawamo katika hesabu ya tarehe 30, kwa sababu hakuna aliyekufa ikulu. Historia itakayoandikwa kwa Kiswahili juu ya majirani hawa wa bahari moja na lugha za ukoo mmoja haina budi kuwaweka ndani.